Paa Lililosomea Jangwani

Kabla ya alfajiri bati lilitoa sauti. Ta! Kimya kidogo, kisha tena, ta, upande wa jikoni, kama mtu anayevunja kijiti kikavu kwa vidole viwili. Nilikuwa nimelala nyumbani kwa shoga yangu Mwanaheri, Ngara mjini, nimejifunika blanketi mbili, maana mwezi wa nane baridi ya asubuhi huku kwetu haina huruma na mifupa ya wazee.

"Umelisikia?" Mwanaheri aliuliza gizani. Alikuwa ameshaamka, anapapasa kopo lake la kutawadhia.

"Nimelisikia."

"Linajinyoosha mgongo. Miaka arobaini na tatu linanisalimu hivyo kabla ya adhana. Jumamosi wanalivua."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Keza, mwanangu Modestus amenileta kwa pikipiki, kwa sababu Mwanaheri alinipigia simu akasema, "Nimpaye, njoo tuiage nyumba." Nilidhani anatania. Nilipofika nikakuta sanduku lake limefunguliwa, nusu ya kanga zimekunjwa ndani, nusu ziko kitandani kama hazijaamua.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwanawe Luqmani alikuwa amejenga nyumba mpya uwanja huohuo, hatua ishirini kutoka ya zamani. Nyumba ya zege mpaka juu, paa bapa, halina bati hata moja. Jumamosi ya zamani ingeezuliwa, mabati yake yapelekwe Biharamulo kwa bwana mmoja aitwaye Malongo, ajengee banda la mbuzi, na kuta zivunjwe ili pawe pa kuegesha gari ambalo Luqmani bado hajalinunua.

Mwanaheri hakukataa kuhamia nyumba mpya. Aliomba jambo moja tu: nyumba ya zamani iachwe isimame mpaka mvua ya kwanza iinyeshee ile mpya. Mvua moja. Luqmani alikataa. Na ikiezuliwa Jumamosi, huyu mama wa miaka sabini na minne hatakuwa na pa kukimbilia.

Mimi naijua nyumba ile. Mwaka wa tisini na tatu nilivuka kutoka Burundi, Modestus akiwa mgongoni, nguo zimenikaukia mwilini mara tatu njiani. Watu walituuliza mengi barabarani. Mwanaheri, mke wa Abbasi muuza chumvi, aliniuliza moja tu: mtoto amekula nini? Kisha akanionyesha kitanda. Tangu siku hiyo kitanda kile kinaitwa cha Nimpaye, hata akilala mtu mwingine.

Sasa Luqmani. Ni mtoto mzuri, niliseme hilo kabla sijaanza kumcheka. Jumapili nilipofika alikimbia kunipokea, "Shikamoo mama," akalitwaa gunia langu la maharage akalibeba begani mwenyewe, na shati lake jeupe, wala hakujifuta mbele yangu. Tatizo lake ni kwamba miaka tisa alikaa Omani, kwenye mji ulio ukingoni mwa jangwa, akipaka dawa mapaa ya watu. Akarudi na ujuzi mmoja. Na mwenye ujuzi mmoja huona ugonjwa mmoja kila mahali.

Jumatatu hiyo asubuhi alikuja kunywa chai na sisi, akanieleza upya, kwa kuwa mimi sikuwa nimesikia.

"Kule, mama, jua linapiga zege mchana kutwa mpaka unaweza kukaangia yai. Usiku baridi inashuka. Zege linavimba mchana, linasinyaa usiku, linavimba, linasinyaa. Mwisho linapata nyufa nyembamba kama unywele. Hapo ndipo paa linapoanza kufa."

"Masikini," nikasema.

"Lakini ukiliwahi, linapona. Unafagia vumbi lote, unaosha, unaziba nyufa. Unapaka mkono wa kwanza wa kushikilia. Kwenye maungio unatandika kitambaa cha wavu. Halafu dawa nyeupe, mikono miwili, wa pili unaukatiza wa kwanza. Ule weupe unalirudisha jua lilikotoka. Paa la kuishi miaka kumi linaishi thelathini." Akaweka kikombe chini. "Adui wa nyumba, mama, ni jua."

Nilimwamini. Mtu akizungumza kazi aliyoifanya kwa mikono yake, unamsikia. Kilichonichekesha ni kwamba aliyasema hayo amevaa sweta nzito na kofia ya sufu, na kikombe alikiinua tena haraka apate joto la vidole. Nje ukungu ulikuwa umefunika kilima kizima, hata mnara wa msikiti ulikuwa umepotea.

Mwanaheri alichungulia dirishani. "Huyo adui yuko wapi tumwone?"

"Litatoka tu, mama."

"Likitoka niite. Nina shuka za kuanika."

Mjini walimsifu sana. Huku kwetu siku hizi mwenye uwezo hujenga ukuta kuzunguka paa ili bati lisionekane, kana kwamba kuwa na bati ni ugonjwa wa ngozi. Luqmani aliwapita wote: yeye hakulificha bati, hakuliweka kabisa. Watu walitoka misikitini na makanisani wakapitia kwake kuangalia. Mzee mmoja wa mtaa alisimama uani, mikono nyuma, akatangaza kwamba sasa Ngara imekuwa Dubai. Mwanaheri alimuuliza kama Dubai nako wanateka maji bondeni. Mzee akakumbuka ana kikao.

Baada ya chai Mwanaheri alijaribu tena, mbele yangu, nadhani ili nishuhudie.

"Luqmani baba, nisubirie mvua moja."

"Mama, miaka tisa kule mvua niliiona mara sita. Watu walitoka nje kuipiga picha."

"Huku tukitoka kuipiga picha hatutalima."

"Dawa hii imehakikishwa miaka ishirini."

"Mimi sina haja na miaka ishirini. Nataka uhakika wa usiku mmoja."

"Lakini nimeshamwahidi Malongo. Lori linakuja Jumamosi."

"Umemwahidi mwanamume wa Biharamulo bati la mama yako. Na mama yako umemwahidi nini?"

Luqmani alifikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. Kisha akasema, "Bafuni nimeweka vigae vya bluu."

Jumanne akaondoka kwenda Biharamulo. Malongo ana nyumba ya wageni kule, nayo ina sehemu ya paa bapa inayovuja, kwa hiyo Luqmani alibeba vipande viwili vya zege vilivyopakwa dawa, amevifunga kwa taulo kama mayai, aende kumwonyesha. Angerudi Ijumaa. Kabla ya kupanda gari alituonya: mtu yeyote asipande juu ya paa na viatu, dawa bado changa. Mkewe Mwanamvua alimwambia mara tatu. Mimi aliniambia mara mbili, kwa heshima.

Gari lilipokata kona, Mwanaheri alinigeukia.

"Amesema tusipande na viatu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Vua ndala."

Tukapanda. Ngazi zilikuwa za zege, nje ya nyumba, hazina pa kushika. Tulishikana sisi kwa sisi. Juu kulikuwa kuzuri, siwezi kusema uongo. Peupe kama shuka ya hospitali, ingawa vumbi letu jekundu lilikuwa limeshaanza kupachora, na pembeni ukuta mfupi wa kufika magotini. Ulikuwa unaona vilima mpaka ng'ambo ya Burundi. Niliinama nikagusa. Ilikuwa saa saba mchana na zege lilikuwa vuguvugu tu, kama uji wa mgonjwa. Hapo kweli huwezi kukaanga yai, labda kulitamia.

Mwanaheri alisimama katikati, kanga imepeperuka, akatazama mbingu. Hapakuwa na wingu.

"Mvua haiji kabla ya Jumamosi," akasema. "Basi tuilete sisi."

Nilimwambia, "Mwanaheri, tuna miaka mingapi?"

"Mingi ya kutosha. Hakuna atakayetuchapa."

Maji mwishoni mwa kiangazi si kitu cha kuchezea. Bomba la mtaa hutoa siku moja kwa juma, siku nyingine ni chemchemi ya bondeni, kupanda na kushuka na ndoo kichwani. Mwanaheri alitaka kutumia maji ya pipa lake mwenyewe na kisha akae na kiu yake. Lakini mtaa una masikio. Jumatano asubuhi, hata hatujamaliza chai, mwanamke wa nyumba ya tatu aliingia na ndoo kichwani. Hakueleza kitu, alisema tu, "Hii ya kwangu, niimwage wapi?" Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mwingine ana mtoto mgongoni. Mama muuza vitumbua alileta mbili, akasema ya pili ni kwa ajili ya mume wake, ambaye naye akiambiwa kitu hasikii. Hakuna aliyeombwa. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka thelathini na bado mambo kama hayo hunifanya nitafute pa kuangalia pembeni.

Kwenye ngazi tulimkuta Mwanamvua amesimama, mikono ameitanua.

"Mama, nakuomba. Ataniuliza mimi."

"Mwambie mkwe wako alikuzidi nguvu," Mwanaheri akasema.

"Hataamini. Unajua uzito wako?"

"Basi mwambie tulikuwa wengi."

Msichana wa watu machozi yalimlenga. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, kama dawa ni nzuri, maji yatamsifu mume wako kuliko sisi sote." Alinitazama, akafikiri, akateremka. Alirudi na beseni na kitambaa. Kila mwanamke aliyepanda alioshwa miguu kwanza, ili asichafue kazi ya Luqmani. Huyo ndiye mke.

Magoti yetu yalikuwa yameshachoka alipofika fundi Pancras. Ndiye aliyepewa kazi ya kuezua Jumamosi, naye alikuja kuangalia misumari. Aliona ule msafara akacheka mpaka akakaa.

"Bibi, mimi nimeajiriwa kubomoa, siyo kubeba maji."

"Basi bomoa leo kiburi," Mwanaheri alimjibu, "bati utalikuta Jumamosi."

Pancras akavua viatu, akaoshwa miguu, akabeba. Mpaka adhuhuri zilikuwa zimepanda ndoo arobaini na kitu. Nilipoteza hesabu kwa sababu ya vitumbua.

Hapo tuliona jambo. Paa la Luqmani lilikuwa bapa kwa macho tu. Maji hayatazami kwa macho. Kila ndoo iliyomwagwa, popote ilipomwagwa, ilikimbilia upande mmoja, wa mashariki, ikatulia pale, kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Na chini ya upande huo kilikuwa chumba gani? Chumba cha mama. Chenye vigae vya bluu.

Jioni tuliingia humo wote, Mwanamvua akamulika dari kwa simu. Tukasubiri. Pancras aliweka sikio ukutani. Kavu. Usiku kavu. Alhamisi asubuhi, kavu kama mkate wa juzi.

Mwanamvua alicheka kwa furaha, na hapo naye nilimpenda zaidi, maana hakusema "niliwaambia". Alitupikia chai ya tangawizi akaweka sukari mwenyewe. Lakini Mwanaheri alikunywa nusu, akaenda chumbani kwake, nikamkuta anakunja zile kanga zilizobaki.

"Mtoto kashinda," akasema. "Dawa ni dawa kweli. Nitahama, Nimpaye. Mzee akishindwa ahame kwa heshima."

Nilikaa kitandani nikamsaidia kukunja. Nilifikiri kama ni dhambi kuomba paa la mtoto wa mwenzako livuje. Padri hajawahi kulifundisha hilo.

Saa nne Pancras aliita kutoka juu. "Njooni muone bwawa."

Tulipanda. Maji yote yalikuwapo. Hayakuvuja, lakini pia hayakuwa yamekwenda kokote. Njiwa walikuwa wamepanga mstari wanakunywa, na bata wa jirani alikuwa amepanda ngazi zote zile na vifaranga vyake sita, wanaogelea juu ya chumba cha mama kana kwamba walijengewa wao.

"Maji hayana mlango," Pancras alisema. Akatuonyesha bomba la kutolea maji. Lilikuwa moja tu, pembeni, na mdomo wake umeinuliwa juu ya paa vidole vinne, umesakafiwa vizuri kama kisima cha mfalme. "Nani kauinua huu?"

"Yeye mwenyewe," alijibu Mwanamvua. "Kule aliona mabomba ya mapaa yanazibwa na mchanga wa upepo. Akasema la kwake ataliinua, mchanga usiingie."

"Mchanga gani?"

Tukageuka wote wanne tukatazama. Kahawa. Migomba. Mihogo ya mtu. Kilima, kisha kilima kingine, vyote vya kijani hata kiangazi kikiisha.

"Wa upepo," Mwanamvua alisema tena, sauti imepungua. Kisha alicheka yeye wa kwanza, kwa kanga mdomoni, mpaka bata wakaruka.

Ijumaa asubuhi dawa ilianza kuumuka. Pale palipokaa maji, ile ngozi nyeupe ilifanya malengelenge, kisha ikawa kama utando wa maziwa yaliyochemka. Pancras aliigusa kwa kidole gumba cha mguu ikateleza nzima. Chini yake zege lilikuwa limelowa jeusi. Saa tatu, ndani ya chumba cha mama, tone la kwanza lilianguka juu ya godoro jipya ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni yake. Pwa. Tukatazamana. La pili. La tatu.

Nilidhani Mwanaheri atapiga vigelegele. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaliwekea tone kiganja.

"Miaka tisa, Nimpaye," akasema. "Miaka tisa mwanangu alikuwa juani anajifunza hiki."

Luqmani alifika baada ya swala ya Ijumaa, na hakuja peke yake. Alikuwa na Malongo, ndani ya lori lenyewe. Malongo alitaka kuliona paa kwanza ndipo akubali la kwake lipakwe, na mabati ayapakie asubuhi. Mtu mpana, mwenye sauti ya kuita kivuko. Alisalimia uwanja mzima kwa pamoja, akatuuliza pilau imewekwa saa ngapi.

"Kwanza paa, bwana mkubwa," Luqmani akasema, anang'aa. "Vua viatu. Mama, mmekaa vizuri? Hakuna aliyepanda?"

"Hakuna aliyepanda na viatu," Mwanaheri alijibu.

Walipanda. Sisi nyuma yao. Luqmani alikuwa akieleza kwa mkono, "Hapa utaona kazi ya jangwa, bwana Malongo, paa ambalo jua limelikatia tamaa," na bata akamjibu.

Akasimama. Mkono wake ulibaki hewani.

"Nani kamwaga maji hapa?"

"Mimi," alisema Mwanaheri.

"Na mimi," nikasema.

"Na mimi," Mwanamvua alisema kutoka kwenye ngazi, polepole, nami nikajua imemgharimu.

"Mama! Umeniharibia paa!"

"Ndoo arobaini, baba. Mvua ya Novemba ikija itabisha hodi?"

"Lakini hii si haki! Dawa hii haipendi maji yaliyosimama. Jua inaliweza, mvua ya kupita inaiweza. Maji yakikaa siku mbili, tatu, inalainika. Imeandikwa hata kwenye ndoo!"

Malongo alikuwa amechuchumaa, anachokonoa ule utando kwa kidole. Alivuta, ukaja kipande kama chapati. Akakinyanyua juu kukitazama. "Imeandikwa? Basi tungeyasomea mawingu."

Pancras akakohoa. Luqmani aliinama kwenye bomba lake, akatazama mdomo wake, kisha maji, kisha mdomo. Nilimwona anaelewa. Ni jambo la kutisha kidogo kumwona mtu mzima anaelewa. Akakaa juu ya ukuta mfupi na suruali yake ya safari, miguu ndani ya maji.

"Kule mlikuwa mnaweka vipi mlalo wa kuyapeleka maji bombani?" Pancras alimuuliza, bila kucheka sasa.

"Sijui."

"Hujui?"

"Tulikuwa tukifika, paa liko tayari. Walioweka mlalo wameshaondoka. Msimamizi anatupa rola na ndoo, anasema pakeni. Tunapaka, tunapelekwa kwingine." Alimtazama mama yake. "Sikuwahi kuuliza, mama. Kule ukiuliza unaambiwa kesho usije."

Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari mdomoni, vizuri vyote, nikavimeza. Mwanaheri aliingia majini na gauni lake, akaenda kukaa karibu naye. Hakumkumbatia, si tabia yake. Alimtoa kipande cha rangi kilichokuwa kimemganda kwenye mkono wa shati.

Malongo akainuka. "Sawa, la kwangu basi lisipakwe. Tuzungumze yale mabati yangu."

"Yapi?" Mwanaheri aliuliza.

"Ya banda. Tumekubaliana na kijana wako. Lori limekunywa mafuta kutoka Biharamulo."

Pancras naye, kwa nia njema, akaongeza mzigo: "Ukisema ukweli, fundi Luqmani, dawa ya haraka ni kuezeka bati juu ya hili zege. Mabati ya bibi yangetosha."

Kwa hiyo kulikuwa na wawili sasa wanaoyataka yale mabati, mmoja kwa mbuzi, mmoja kwa ajili ya kuiokoa nyumba mpya, na mwenye mabati amekaa majini. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa ukuta. Hakumwomba tena mwanawe. Alikuwa ameshaomba.

Luqmani alimtazama Malongo, kisha mama yake. Kumvunjia ahadi mtu mkubwa mbele ya watu si jambo dogo kwa kijana anayetaka jina. Na kukaa na nyumba inayovuja baada ya mji mzima kukusifu si jambo dogo pia.

"Hayatoki," akasema mwisho. "Wala kwenda Biharamulo, wala kupanda huku. Yakae juu ya mama. Mimi niliharibu juu ya kichwa changu, nitatengeneza juu ya kichwa changu."

"Na mbuzi wangu?" Malongo alipaza sauti. "Walale wapi?"

"Wajengee paa bapa," Mwanaheri alimwambia. "Dawa ipo. Ndoo mbili hazijafunguliwa."

Malongo alitaka kukasirika, lakini harufu ya pilau ilikuwa imepanda ngazi, na mtu huyo si wa kupigana pande mbili kwa wakati mmoja. Alikula sahani mbili za kujifariji, na nilipomwekea mkungu wa ndizi kwenye lori akasema sisi wazee wa Ngara ni watu hatari, lakini tunajua kulisha.

Jumamosi hakuna bati lililovuliwa. Asubuhi nilimkuta Luqmani juu na Pancras, wamefagia maji yote, wamekwangua dawa yote iliyokufa, wanavunja ule mdomo wa kisima cha mfalme kwa patasi. Pancras alivuta kamba kutoka pembe mpaka pembe, akamwonyesha jinsi zege la juu litakavyolala kuelekea bomba, na bomba la pili wataliongeza upande wa pili. Luqmani alikuwa anauliza. Na hapa vidole vingapi? Kwa nini vitatu? Na kwenye kona je? Mpaka Pancras akamwambia, "Bwana, pumua." Alijibu kwamba ana maswali ya miaka tisa. Dawa ataipaka baadaye, alisema, likishakauka, mikono miwili, wa pili unaukatiza wa kwanza, na mara hii atapaka mahali ambapo maji yanapita tu kusalimia. Nadhani itakuwa kazi nzuri. Kupaka anajua.

Mwanaheri alikuwa uani anazitoa kanga sandukuni, anazirudisha kwenye kamba yake, na anaimba vibaya.

Modestus alipofika na pikipiki, Luqmani aliteremka kuniaga. Mikono ilikuwa na saruji, kwa hiyo alinipa kiwiko nikishike. Alinifungia mizigo yangu nyuma, akajaribu fundo mara mbili.

"Mama Modestus," alisema, anaangalia kamba na sio mimi, "mwezi wa kumi na moja usikae Keza. Uje tena. Uje siku ambayo mvua inanyesha kweli, ulale kwangu, chumba cha vigae. Ukilowa, godoro nitakubebea mwenyewe mpaka kwa mama. Lakini uje."